Zamu ya Bondeni

Mtambaa ulikuwa umegeuka. Niliuona tangu tukiwa juu ya kilima, nikajiambia labda ni macho yangu, maana asubuhi ile nilitoka bila kunywa chai, na mimi bila chai si mtu wa kuaminika. Lakini mwenzangu Rwegoshora naye alikuwa amesimama kimya, na Rwegoshora kukaa kimya ni habari ya kutangazwa redioni.

"Havijawa," akaniita, "unaona ninachokiona?"

"Naona."

"Umeipa Bondeni mgongo."

Chini yetu ilikuwepo Bondeni yenyewe, mtaa mpya wa nyumba nyeupe ambazo maputo ya mizigo yalizishusha kutoka angani zikiwa nzima nzima, zina milango, vitasa na hata ndoano za kutundikia taulo. Familia zilishahamia. Zilihamia kwa ahadi moja, kwamba Mtambaa ungewafikia kabla ya masika. Sasa ncha ya Mtambaa ilikuwa imekata kona na kuanza kupanda kuelekea Ngoloka, mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayelala. Ngoloka kuna maboma tu: kuta zisizo na paa, misingi iliyoota majani, na mbuzi wa watu.

Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya ncha. Ilikuwa laini na ya uvuguvugu, nene kama paja la mtu mzima. Mtambaa huota kama mche wa maboga. Hunyonya chokaa na mchanga, hujivuta mbele, na nyuma yake huacha reli ngumu ambayo mabehewa hupita juu yake. Chini ya ardhi una vinyweleo vinavyotangulia mbali, vikisikiliza. Vinasikia nyayo, vinasikia joto la jiko, vinaonja maji yaliyooshewa vyombo. Palipo na hayo pana watu, na palipo na watu Mtambaa unakwenda.

Hakuna anayeuchorea ramani, na ndiyo maana mkoa wetu uliupenda. Zamani barabara zilichorwa ofisini, na kila mara, kwa miujiza, zilipita kwenye shamba la mkubwa fulani. Wananchi wakachoka, wakapiga kura: njia iwafuate wanaoishi, na mkono wa mtu usiiguse. Sisi wapangaji wa Mamlaka ya Njia na Makazi tunaumwagilia Mtambaa, tunaukagua, na ukiugua tunaulaza kwa dawa. Ukishalazwa huchukua miaka kuamka. Kuupinda ni kosa la kufungwa.

"Ama umeugua," alisema Rwegoshora, "ama kuna watu wanauchezea huko Ngoloka."

"Nani ataenda kucheza Ngoloka?" niliuliza, na papo hapo nikakumbuka kwamba boma moja la Ngoloka nalifahamu. Ni la Mama mkubwa Sikudhani, dada yake mama.

*

Jumamosi nilipanda Ngoloka peke yangu. Nilisikia vigelegele kabla sijaona mtu. Ndani ya boma moja, kama wanawake arobaini walikuwa wanakanyaga sakafu ya udongo na kifusi, mistari miwili ikipishana, huku mmoja akipiga debe na wengine wakiitikia. Nje kulikuwa na mafiga matatu makubwa, moto umekolea, na sufuria ya kunde inayoweza kumwogesha mtu. Maji ya kuoshea mchele yalimwagwa palepale mlangoni. Watoto walikuwa wanakimbizana na mbuzi.

"Shikamoo, Mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu! Njoo ukanyage. Au viatu vya serikali havikanyagi?"

Nikavua viatu nikakanyaga. Huwezi kumkatalia Mama mkubwa Sikudhani. Waliojaribu bado wanasimuliwa.

Desturi yao ilikuwa hivi. Wote walirithi viwanja kwa mama zao, kama ilivyo kwetu Uluguru, na wote walijenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta ukijaaliwa. Kila Jumamosi kikundi kilikwenda kwenye boma la mwenye zamu, kikashindilia sakafu, kikapika na kula. Wakimaliza, sufuria, miiko na mapipa hubebwa kichwani mpaka kwenye boma la anayefuata, vikalala hapo. Vyombo hulala kwa mwenye zamu. Ukivilaza kwingine ni kama umemwambia mwenzako hatajenga.

"Leo vinakuja kwangu," alisema Mama mkubwa, akinipakulia kunde bila kuniuliza kama nina njaa. "Jumamosi ijayo ni sakafu yangu. Nimeingojea tangu wewe unavaa sare ya shule."

Nilitafuna nikifikiri. Miguu themanini ikigonga ardhi. Moto wa kuni. Maji machafu. Leo boma hili, wiki ijayo lile, na Mtambaa huko chini ukisikiliza na kuhesabu kila boma kuwa ni ukoo mzima umehamia. Kwa masikio yake, Ngoloka ulikuwa mji mkubwa wenye watu wachangamfu sana.

"Mama mkubwa," nilisema, "mnajua kwamba Mtambaa unakuja huku?"

Aliweka upawa chini. Wenzake wakageuka.

"Unakuja wapi?"

"Hapa. Umewasikia."

Vigelegele vilivyofuata viliwatimua mbuzi wote. Mama mkubwa hakupiga kigelegele. Alikaa juu ya debe, akafuta macho kwa pindo la kanga, akacheka. Anaishi mjini kwa mwanawe Shamte, kwenye ghorofa yenye jiko linalozima likisikia moshi, na mkwe anayemwambia apumzike. Apumzike na nini? Hana alichofanya. Njia ikifika Ngoloka, zahanati ni mwendo wa dakika chache, na yeye anahamia kwake kesho yake, paa liwe limeisha au halijaisha.

Nilikula kunde zangu zote. Nilifurahi kwa ajili yake, na niliona aibu kwa kile nilichokuwa bado sijamwambia.

*

Jumapili nilibisha hodi Bondeni, kwa Mwalimu Gwakisa Mwaipaja. Ni mtu mrefu, mpole, anayefundisha hesabu mjini. Alinikaribisha chai, na nilipoipokea nikagundua kwamba sikuisikia ikichemka wala harufu ya tangawizi haikunifikia mpaka kikombe kilipokuwa puani.

"Nyumba hizi ni nzuri, Mwalimu."

"Nzuri kupita kiasi. Jiko halipotezi joto hata kidogo. Maji tunayooshea yanasafishwa yanarudi bombani. Sakafu inameza nyayo. Mtoto akiruka juu ya kitanda, chumba cha pili husikii."

Nikaweka kikombe chini. Kumbe ndiyo hivyo. Tulishusha nyumba zisizovuja kitu, kisha tukaweka pembeni yake njia inayoishi kwa kusikiliza vinavyovuja. Idara ya Makazi ilikaa ghorofa ya tatu, idara ya Njia ya pili, na ngazi ilikuwepo, ila hakuna aliyeipanda kwenda kuuliza. Mtambaa ulipita jirani na mamia ya watu ukadhani ni pori.

"Mtambaa unakuja lini?" aliuliza Mwalimu. Hakuuliza kwa ukali, na hilo lilinichoma zaidi. "Natoka watoto wamelala, nachukua baiskeli, kisha nasubiri gari la mkaa linipe lifti. Narudi wamelala. Juzi mdogo alimwambia mama yake, 'Yule mgeni amerudi.'" Akacheka kidogo. "Wenzetu wa mstari wa mbele wamesharudisha funguo. Mke wangu anasema tusubiri masika, basi. Masika yakipita, na sisi tunarudi kupanga chumba mjini."

Nilimwambia nitalishughulikia. Ni neno la ofisini hilo, halina mfupa, na nilijichukia kwa kulisema.

*

Jumatatu Rwegoshora alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango. Yeye ni Mhaya, anapenda sheria kama wengine wanavyopenda senene wa kukaanga.

"Ukiandika taarifa kwamba Mtambaa umekosea," alisema, "sheria inasema ulazwe mpaka uchunguzi ukamilike. Miaka. Bondeni wanakosa, Ngoloka wanakosa."

"Nisipoandika?"

"Ngoloka wanapata, Bondeni wanahama."

Niliangalia kabati. Ndani yake kuna kisu cha kupogolea, tunachotumia ncha ikioza. Mkato mmoja upande wa kushoto, na Mtambaa unageuka wenyewe bila kelele.

"Usiangalie kabati," alisema Rwegoshora.

"Ni haki yao! Walioko Bondeni wanaishi, mwenzangu. Sheria inasema iwafuate wanaoishi."

"Ni kweli. Leo utaupinda kwa ajili ya Mwalimu, na utakuwa na haki. Kesho nani atakuzuia kuupinda kwa ajili ya mama yako mkubwa?"

Niligeuza kiti, kabati likabaki nyuma yangu. Tulikaa pale tukila karanga zake mpaka zikaisha.

*

Mchana ule nilikwenda kwa Shamte, nikamkuta Mama mkubwa ameketi barazani ghorofa ya sita akiangalia magari. Nilimweleza yote: Bondeni, nyumba zisizosikika, mtoto anayemwita baba yake mgeni. Nilimwambia pia kwamba sikuja kumwomba kitu.

"Unataka kuninyang'anya njia," alisema.

"Sitaki, Mama mkubwa. Nimeona si vizuri ufurahi bila kujua."

"Ungeniacha nifurahi! Nani alikutuma uniletee ukweli?" Akanigeuzia mgongo, akahesabu magari kwa sauti mpaka mkwe wake akachungulia mlangoni. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Umesema kitunguu kikikaangwa hakinuki?"

"Hakinuki."

"Mpaka jirani?"

"Hata sebuleni hakifiki."

"Sasa jirani anajuaje kama umekula?" Akasimama, akatafuta kandambili zake. "Nipeleke nikawaone watu hao."

Alizunguka Bondeni kama mkaguzi wa afya. Alinusa milango. Alimuuliza mke wa Mwalimu, dada mmoja mchangamfu anayeitwa Tusajigwe, jirani wa kushoto anaitwa nani. Tusajigwe hakujua. Wa kulia? Hakujua. Miezi yote ile walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo.

"Hapana," alisema Mama mkubwa. "Hapana, hapana, hapana." Akamtuma Tusajigwe alete mawe matatu.

Walikoka moto nje, kwenye uwanja mweupe ambao nadhani mchoraji wake aliukusudia kwa ajili ya kuangaliwa tu. Kitunguu kilipogusa mafuta, milango ilianza kufunguka. Wa kwanza kutoka alikuja kulalamika moshi, akaishia kuleta nyanya. Sufuria la pilau halikutosha, wakaleta la pili. Maji yakamwagwa. Watoto wakavuliwa viatu. Mwalimu alipofika jioni, jua bado lipo kwa sababu siku hiyo shule ilifungwa mapema, alimkuta mwanawe mdogo amepakwa masizi mpaka masikioni, naye akaambiwa aje ale na wenzake.

Rwegoshora alinipigia simu akiwa kilimani. "Ncha imetetemeka," alisema. "Imesimama. Nadhani inasikiliza."

Nilimweleza kinachoendelea. Nikasikia kurasa za kijitabu chake cha sheria zikipekuliwa.

"Havijawa, nisikilize. Hakuna kifungu kinachokataza kupika. Wewe hukugusa ncha, mimi sikugusa. Wakipika hapo kila wiki utakuja, kila mtu atafurahi. Hatujaona kitu. Usimwambie mtu."

Nilishangaa, mtu wa sheria ndiye anayenifungulia dirisha la nyuma. Na nakiri lilikuwa dirisha zuri. Lakini nilimwona mwenyekiti wa mtaa akila pilau, nikamwona na dereva wa gari la mkaa, nikafikiri: sisi wawili tutajua kwamba njia huitika kwa chungu, na wao hawatajua. Hapo tutakuwa tumerudi ofisini kuchora barabara kwa siri, ila kwa harufu nzuri zaidi.

"Itisha mkutano wa kata," nilimwambia. "Nitasema yote."

"Watakufukuza."

"Basi utabaki na karanga zako mwenyewe."

*

Mkutano ulifanyika shuleni, watu wa Ngoloka upande mmoja, wa Bondeni upande mwingine, na katikati wale waliokuja kwa sababu waliambiwa kuna ugomvi. Nilisema kila kitu. Nilisema kosa ni letu, idara mbili zilizopanga nyumba na njia bila kuulizana. Nilisema Mtambaa haukuwaona wa Bondeni, na kwamba wa Ngoloka waliuita bila kujua. Nilisema sitaukata, ila chakula kinaweza kuuita, na kuanzia sasa kila mtu anajua.

Palinong'onwa. Kisha akasimama Bwana Tindwa, mwenye mashamba makubwa ya viwanja vitupu ng'ambo ya mto, amevaa kofia nzuri.

"Kwa hiyo, Injinia, hata mimi nikipikisha kwenye viwanja vyangu, njia itakuja?"

Nilimwona Rwegoshora akifumba macho. Hilo ndilo swali tulilokuwa tunaliogopa.

"Pikisha, Bwana Tindwa," nilisema. "Lakini ni kila wiki, miezi kwa miezi. Ukiacha, unageuka."

"Nitaajiri wapishi."

"Waajiri na walaji!" Mama mkubwa alisema kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. "Waajiri na watoto wa kukimbia, na watu wa kugombania ukoko, na wa kubaki wakipiga soga vyombo vikikauka. Uwalete kila wiki mpaka wazoeane, waoane. Ukiweza hayo yote, baba, hapo huudanganyi Mtambaa tena. Hapo pamehamiwa."

Bwana Tindwa alikaa, akacheka mwenyewe chini ya kofia. Na mimi nilielewa kitu ambacho shule yote ya upangaji haikunipa: anayeigiza kuishi mahali kwa muda wa kutosha, na watu wa kutosha, ameshaishi hapo.

Likabaki la Ngoloka na Bondeni. Hakuna aliyetaka kulianza. Wanawake wa Ngoloka waliangalia sakafu. Mlo wa Bondeni peke yake ulikuwa umeisimamisha ncha tu, haukuigeuza. Kikundi kilikuwa kimoja, na miguu ya kutosha kuuita Mtambaa haikuweza kuwa sehemu mbili Jumamosi moja.

"Zamu ni ya nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Yangu," alisema Mama mkubwa. Alisimama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mimi ninayemjua niliona anavyoshika kanga. "Nimeingojea sana, na naitaka sana, msidhani siitaki. Mwenye zamu ndiye anayesema kikundi kikapike wapi. Naipeleka Bondeni. Mpaka njia ifike."

Mwalimu Gwakisa alisimama akitaka kushukuru, ikamshinda. Akasema tu kwamba, basi, vyombo waviache Bondeni, wasihangaike kuvibeba kila wiki.

"Vyombo hulala kwa mwenye zamu," Mama mkubwa alimjibu. "Vitalala kwenye boma langu. Zamu nimeitoa, lakini bado ni yangu."

*

Hawakunifukuza. Walinikata mshahara wa mwezi, na wakaamuru idara ya Makazi ihamie ghorofa ya pili, meza kwa meza na sisi. Ni watu wa kelele sana, na siku hizi siwezi kufanya kazi bila wao.

Kila Jumamosi, basi, wanawake walipanda Ngoloka kuchukua sufuria, wakateremka nazo kichwani mpaka Bondeni, wakapika, na jioni wakapanda nazo tena kuzirudisha kwenye boma lisilo na sakafu. Niliwahi kuwaambia inachosha. Waliniambia nibebe pipa moja nione kama nitapata nguvu ya kushauri.

Mtambaa uliigeuza ncha yake iliyokuwa ikielekea Ngoloka, ukateremka. Siku tumba linalozaa kituo lilipovimba na kupasuka katikati ya uwanja wa Bondeni, mvua zilikuwa bado hazijaanza. Behewa la kwanza lilimleta Mwalimu Gwakisa nyumbani saa ambayo watoto wanacheza. Mwanawe mdogo alimkimbilia akipiga kelele, "Baba amekuja na Mtambaa!" Mwalimu wa hesabu alilia mbele ya wanafunzi wake waliokuwa wamepanda naye, na hakuna aliyemtania mpaka kesho yake.

Tulidhani mambo yameishia hapo. Mama mkubwa alirudi kwenye zamu yake, na wakati huu watu wa Bondeni walipanda naye kwenda kubeba kifusi, Tusajigwe mbele na debe la kupigia. Walikuwa wengi kiasi kwamba boma halikuwatosha. Wengine walikanyaga nje kwa furaha tu.

Rwegoshora ndiye aliyeuona kwanza. Alikuja anakimbia, na Rwegoshora hakimbii. Nyuma ya kituo cha Bondeni, Mtambaa ulikuwa umetoa chipukizi. Halikushika mteremko ulio rahisi wala bonde lenye chokaa nyingi, kama tulivyosomeshwa kwamba hufanya. Lilikuwa linapanda kwenye kinjia chembamba kilichochimbwa na miguu ya wanawake, kona kwa kona, mpaka pale walipozoea kutua sufuria wapumue. Hapo nalo lilikuwa limetua kidogo, likaacha uvimbe, kisha likaendelea. Nyayo zote zile za kupanda na kushuka lilikuwa limezisikia.

Nilikimbia mbele yake mpaka juu. Mama mkubwa alikuwa mlangoni kwake, udongo mpaka magotini.

"Mama mkubwa! Unakuja! Umefuata njia yenu!"

Alichungulia kinjia. Akaiona ncha, laini na ya uvuguvugu, ikijivuta taratibu kuelekea mlangoni kwake. Alijishika kiuno, uso wote ukacheka, lakini alikuwa ameshikilia mwiko, na kazi ilikuwa haijaisha.

"Mwambie usubiri nje," alisema. "Sijapiga sakafu."